Ritifaa ya ng'ombe ndani ya tegi: rejeksi, nukuu na alama ya >

Swali

Fundi, habari za kazi. Nina kurasa kama elfu tatu za matangazo ya mifugo, zote ni faili za HTML za mfumo wa zamani, nami nimepewa kazi ya kutoa maandishi matupu yaingie kwenye hifadhidata mpya. Nilianza na rejeksi (regex, yaani mchoro wa alama unaoeleza maandishi ya kutafutwa) `<[^>]+>` kwenye Python, nikawa nafuta kila inachonasa. Kurasa nyingi zilitoka safi, ila zipo zilizoacha mabaki kama `300 kg" class="picha">` katikati ya sentensi. Nikagundua kuwa alama ya `>` imo ndani ya nukuu. Nikaandika nyingine inayojali nukuu: `<("[^"]*"|'[^']*'|[^'">]+)*>`. Sasa baadhi ya matangazo yanamezwa mazima, na ukurasa mmoja umegandisha programu usiku kucha. Wenzangu wananiambia HTML haisomwi kwa rejeksi, basi. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona ilikaribia kufanya kazi?

Jibu

Salama kabisa, ndugu yangu. Wenzako wamekupa nusu ya jibu, tena ile nusu ambayo watu huisema kwa kujiamini zaidi. Tegi moja, yaani kitu kinachoanza na `<` na kuishia na `>` yake, inasomeka kwa rejeksi bila matata. Kilichokuangusha ni kwamba rejeksi yako inaiheshimu kila nukuu popote inapoikuta, wakati kivinjari kinaiheshimu sehemu moja tu. Nitafika hapo.

Tuanze na mabaki. Bila shaka ukurasa ulikuwa na kitu cha aina hii:

```
<img src="dume1.jpg" alt="Dume la Boran, uzito > 300 kg" class="picha">
```

`<[^>]+>` inasema: anza na `<`, kusanya chochote kisicho `>`, kisha funga na `>` ya kwanza utakayoikuta. Ya kwanza ni ile iliyo baada ya neno "uzito". Rejeksi imefanya ulichoiagiza, na mkia wote umebaki barabarani kama mzigo uliodondoka kwenye lori. Aliyeandika ukurasa hana kosa. Tegi hubeba sifa, kama `alt`, na kinachofuata `=` ni thamani ya sifa hiyo. Kanuni za HTML zinaruhusu `>` ndani ya thamani iliyofungwa kwa nukuu. Marufuku ndani ya nukuu pacha ni nukuu pacha nyingine, na ndani ya nukuu moja ni nukuu moja nyingine. Hata XML, ambayo ni kali kuliko HTML, inaikubali `>` hapo, ingawa `<` inaikataa.

Kuna watakaokushauri utumie `<.*?>`. Usipoteze muda wako. Ile alama ya kuuliza inaifanya injini, yaani programu inayoiendesha rejeksi, iwe mvivu, isimame kwenye `>` ya kwanza, yaani pale pale ulipokwama. Ukiiondoa, injini inakuwa mlafi na kukimbilia `>` ya mwisho ya mstari mzima.

Wazo lako la pili lilikuwa zuri. Nitaliandika upya bila ile `+` ya ndani, na sababu ya kuiondoa itakuja:

```
<(?:"[^"]*"|'[^']*'|[^'">])*>
```

Ipitishe kidole juu ya ile tegi ya dume. Baada ya `<` kuna njia tatu, na kila hatua injini inachagua moja. Ikikuta nukuu pacha, inakwenda nayo mpaka nukuu pacha inayofuata, na chochote kilicho katikati, hata `>`, kinapita kama abiria aliyekwisha lipa nauli. Ikikuta nukuu moja, hali ni hiyo hiyo. Ikikuta herufi nyingine yoyote isiyo nukuu wala `>`, inaichukua moja moja. `>` pekee inayoweza kufunga tegi ni ile iliyo nje ya nukuu. Kwa dume wetu, "uzito > 300 kg" inapita ndani ya nukuu yake, na tegi inafungwa mahali pake. (Hiyo `?:` ni ya kuiambia injini isihifadhi kilichonaswa kwenye mabano. Ni uchumi tu.)

Utaona pia kwamba hakuna mkwaju wa nyuma popote. Waliozoea JavaScript au PHP huongeza kipande cha kushughulikia `\"`, kwa kudhani HTML inakwepa nukuu kwa njia hiyo. Haikwepi. Kwenye HTML `\` ni herufi kama herufi nyingine, na nukuu inayoifuata inafunga thamani bila kuuliza. Anayetaka nukuu pacha ndani ya nukuu pacha anaandika `&quot;`.

Kwa ukurasa ulioandikwa kwa adabu, rejeksi hiyo inatosha.

Sasa matangazo yaliyomezwa. Sijaona faili zako, lakini ni matangazo ya mifugo kwa Kiswahili, na hilo tu linanipa mahali pa kuanzia. Lugha yetu ina ritifaa, kile kialama kinachotenganisha ng'oa na ngoa. Kwenye kibodi ni kitufe kile kile cha nukuu moja, na kwa kompyuta ni herufi ile ile, namba 39. Mtu anayeuza magari anaweza kuandika mwaka mzima asiiguse. Mtu anayeuza ng'ombe anaigusa kila tangazo.

Tazama hii:

```
<td title='Ng'ombe wa maziwa'>Friesian, mimba ya pili</td>
<td>Bei: 2,800,000</td>
<td>Anapatikana ng'ambo ya mto</td>
```

Aliyetengeneza kiolezo alifunga thamani kwa nukuu moja, halafu mfumo ukabandika jina la mnyama katikati bila kulikagua. Rejeksi yetu inaona `'Ng'` na kuridhika: nukuu imefunguliwa, imefungwa. Inaendelea na `ombe wa maziwa`, herufi moja moja. Kisha inakutana na ile `'` ya mwisho, iliyokusudiwa kufunga. Kwake hiyo ni nukuu mpya inayofunguliwa. Kwa hiyo inaanza kutafuta mwenzake: inapita `>`, inapita Friesian na mimba yake, inapita bei, inaingia mstari wa tatu na kumpata kwenye "ng'ambo". Inashusha pumzi, inachukua `ambo ya mto</td`, na hatimaye inaikuta `>` iliyo huru. Yote hayo, kutoka `<td` ya kwanza hadi `</td>` ya mwisho, kwake ni tegi moja. Ukifuta, umefuta ng'ombe, bei na mto.

Kivinjari hakifanyi hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyelalamika miaka yote hiyo. Kinasoma `title='Ng'` kisha kinakuta `ombe`. Kinanung'unika kimoyomoyo kwamba nafasi haipo, halafu kinaihesabu `ombe` kuwa sifa nyingine ya tegi, isiyo na thamani. `wa` nayo ni sifa. `maziwa'`, pamoja na ritifaa yake mkiani, nayo ni sifa. Kisha kinakuta `>` na kufunga. Mtazamaji anaona jedwali zima. Kitu pekee kilichoharibika ni kile kidokezo kinachojitokeza ukiweka kipanya juu ya seli: kinasema "Ng" na kunyamaza.

Ndiyo kanuni niliyoahidi. Ndani ya tegi, nukuu ina nguvu mahali pamoja tu: mara baada ya alama ya `=`, ikiwa ndiyo herufi ya kwanza ya thamani (nafasi tupu katikati hazihesabiwi). Mahali pengine popote ni herufi ya kawaida. Katika `alt=ng'ombe`, thamani isiyo na nukuu, ritifaa ni sehemu ya neno na tegi inafungwa na `>` ya kwanza. Rejeksi yako haina habari ya `=`. Kwake kila `'` ni mlango.

Tuje kwenye ule ukurasa uliogandisha programu. Hapa ndipo ile `+` inapoingia. Uliandika `[^'">]+` ndani ya mabano yenye `*`, nadhani kwa kufikiri kwamba kuchukua herufi nyingi kwa mkupuo kutaongeza kasi. Mambo yakienda sawa, ni kweli inaongeza kidogo. Yakienda kombo, umeipa injini njia nyingi mno za kufanya jambo lile lile. Herufi tatu `img` zinaweza kuchukuliwa kwa mkupuo mmoja, au `im` kisha `g`, au `i` kisha `mg`, au moja moja: njia nne. Kila herufi inayoongezeka inazidisha njia mara mbili. Injini ya Python hurudi nyuma inaposhindwa, na haikubali imeshindwa mpaka ijaribu njia zote.

Itashindwa lini? Pale ritifaa inapokosa mwenzake hadi mwisho wa faili. Mfano:

```
<img src=picha/2019/mtamba-wa-kwanza.jpg alt=ng'ombe>
```

Ikiwa hiyo ndiyo ritifaa ya mwisho kwenye ukurasa, njia zote tatu zimezibwa: `[^'">]` haiwezi kupita `'`, na `'[^']*'` haina pa kufungia. Kati ya `<` na ritifaa kuna herufi 46. Njia za kuzigawa ni 2 kwa kipeo cha 45, zaidi ya trilioni 35. Hata injini ikijaribu milioni 100 kila sekunde, itahitaji kama siku nne kukwambia "sikupata". Usiku mmoja ulikuwa mdogo. Nami niliwahi kuilaza seva ya mteja kwa `+` ya namna hiyo, na nilitumia asubuhi nzima nikiilaumu hifadhidata.

Si aibu ya wadogo peke yao. Tarehe 2 Julai 2019 kampuni ya Cloudflare, ambayo sehemu kubwa ya trafiki ya wavuti hupita mikononi mwake, ilisambaza kanuni mpya ya ulinzi yenye rejeksi iliyokuwa na `.*` mbili zikifuatana kabla ya `=`. Prosesa za seva zao duniani kote zikajaa, na tovuti zilizowategemea zikawa hazifunguki kwa dakika 27. Ugonjwa ni ule ule: maandishi yale yale yana njia nyingi za kunaswa, na injini haichoki kurudi nyuma.

Ukiondoa `+`, kila herufi ina njia moja tu ya kuchukuliwa. Injini ikishindwa inarudi hatua 46, inaachana na hiyo `<`, inaendelea. Zipo pia injini zisizorudi nyuma kabisa. Ile ya lugha ya Go hufuata njia zote kwa pamoja, kwa mbinu ambayo Ken Thompson aliichapisha mwaka 1968, na kwake ile `+` yako isingeleta madhara. Lakini uko Python, kwa hiyo tuendelee na Python.

Rejeksi inayofuata kanuni ya `=` ni hii. Inahitaji Python 3.11 au zaidi, kwa sababu natumia `*+` na `++`. Ile jumlisha ya mwisho ina maana ya "nilichochukua sirudishi", na ndiyo inayoziba kurudi nyuma:

```
import re

TEGI = re.compile(r"""
    </?[A-Za-z][^\s/>]*+              # mwanzo na jina la tegi
    (?:
        [\s/]++                       # nafasi au mkwaju
      | [^\s/>][^\s/>=]*+             # jina la sifa
        (?: \s*+ = \s*+
            (?: "[^"]*"
              | '[^']*'
              | [^\s"'>][^\s>]*+      # thamani isiyo na nukuu
              | (?=>)
            )
          | (?!\s*+=)                 # sifa isiyo na thamani
        )
    )*+
    >
""", re.X)
```

Nitakaa kidogo kwenye mambo mawili, maana ndiyo yaliyonisumbua nilipoiandika mara ya kwanza.

La kwanza ni mwanzo wake. Baada ya `<`, au `</`, lazima ije herufi ya alfabeti. Kivinjari kinafanya hivyo hivyo. Tangazo likisema "umri < miaka 4, uzito > 250", ile rejeksi ya zamani ingemeza `< miaka 4, uzito >` ikidhani ni tegi. Hii inaona nafasi baada ya `<` na kupita. Bado mtu akibananisha, "umri <miaka 4", itanaswa. Kivinjari nacho kitanaswa, kwa hiyo hapo mko sawa katika kukosea.

La pili ni ule mstari wa `(?!\s*+=)`. Unasema: unaruhusiwa kuiita hii sifa isiyo na thamani ikiwa tu hakuna `=` mbele yake. Bila mstari huo, injini ikikuta `alt="uzito > 300` isiyofungwa nukuu, ingekuwa na ujanja: ingeiacha `alt` iwe sifa tupu, kisha ingedai `="uzito` ni jina la sifa nyingine, ingefunga kwenye `>` na kukuletea yale mabaki yako ya siku ya kwanza. Mimi ilinifanyia hivyo, nikadhani jumlisha pacha hazifanyi kazi. Zinafanya kazi ndani ya njia moja. Hazizuii injini kuchagua njia nyingine uliyoiacha wazi.

Ijaribu kwa Friesian. `title='Ng'` inapita, `ombe` ni sifa, `wa` ni sifa, `maziwa'` ni sifa, `>` inafunga. Na `alt=ng'ombe` inapita kama thamani isiyo na nukuu.

Ungekuwa kwenye JavaScript, `*+` haipo, na ungelazimika kuiigiza kwa kuchungulia mbele na kisha kukirudia ulichokiona. Inawezekana, ila ukimaliza kuiandika hutaweza kuisoma.

Tegi tumeimaliza. Ukurasa bado. Ndani ya `<script>` kunaweza kuwa na `if (a<b && c>d)`, na `<b && c>` inafanana na tegi kwa kila hali. Kivinjari hakidanganyiki kwa sababu kikishaingia kwenye `script` au `style` hakitafuti tegi tena mpaka kione ya kufungia. Maelezo yaliyofichwa kati ya `<!--` na `-->` nayo yanaweza kuwa na chochote. Hakuna rejeksi ya tegi moja inayoweza kujua imesimama wapi. Dawa ya kienyeji, na inafanya kazi vizuri, ni kuvitanguliza hivyo kwenye foleni ili viliwe vizima kabla tegi hazijafikiwa:

```
SAFISHA = re.compile(
    r"<!--.*?-->|<![^>]*>|<(script|style)\b.*?</\1\s*>|" + TEGI.pattern,
    re.S | re.I | re.X)

matini = html.unescape(SAFISHA.sub(" ", ukurasa))
```

Kumbuka kuita `import html`. Kipande cha `<![^>]*>` ni cha ile `<!DOCTYPE html>` ya juu. Nimebadilisha kila tegi kwa nafasi tupu ili `<td>Dume</td><td>450000</td>` isije ikakutokea kama "Dume450000". Na `html.unescape` lazima ije mwisho. Ukiitanguliza, `&lt;` zilizoandikwa kwa uangalifu zitageuka `<` halisi, na rejeksi itafuta maneno ya watu.

Sasa lile la wenzako. Stephen Kleene, mtaalamu wa mantiki wa Marekani, alichapisha mwaka 1956 hesabu iliyozaa rejeksi, na ile nyota tunayoiandika kila siku bado inaitwa kwa jina lake. Mipaka ilijulikana mapema: rejeksi ya aina hiyo haiwezi kuhesabu viota visivyo na kikomo. `<div>` ndani ya `<div>` ndani ya `<div>`, ukitaka kujua `</div>` ipi ni ya nani, unahitaji kumbukumbu inayokua kadiri unavyozama, nayo rejeksi hiyo haina. Hapo wenzako wana haki. Lakini tegi moja haina kiota. Ndani yake hakuna tegi nyingine, kuna majina na thamani zilizopangwa mstari mmoja. Kanuni za HTML za sasa zenyewe zinaeleza usomaji wa tegi kama mashine ya hali: uko kwenye jina la tegi, uko kabla ya sifa, uko ndani ya nukuu pacha, na kadhalika, herufi moja inakuhamisha kutoka hali moja hadi nyingine. Mashine ya namna hiyo na rejeksi ni ndugu wa damu. Ndiyo maana yako ilikaribia kufanya kazi.

Pamoja na hayo, kazi hii ingekuwa yangu ningetumia kichanganuzi (parser), yaani programu inayousoma ukurasa na kukutenganishia tegi na maandishi. Python ina chake, huhitaji kusakinisha kitu:

```
from html.parser import HTMLParser

class Maandishi(HTMLParser):
    def __init__(self):
        super().__init__()
        self.vipande, self.ruka = [], 0

    def handle_starttag(self, tegi, sifa):
        if tegi in ("script", "style"):
            self.ruka += 1

    def handle_endtag(self, tegi):
        if tegi in ("script", "style") and self.ruka:
            self.ruka -= 1

    def handle_data(self, data):
        if not self.ruka:
            self.vipande.append(data)

m = Maandishi()
m.feed(ukurasa)
m.close()
matini = " ".join(m.vipande)
```

Usisahau `close()`. Bila hiyo, kipande cha mwisho cha ukurasa kinaweza kubaki tumboni mwa kichanganuzi. Na usiondoe ile `ruka`, maana yaliyomo ndani ya `script` nayo huletwa kwenye `handle_data` kama maandishi. Siku ukiwa na nafasi, fungua faili ya `html/parser.py` uisome. Utacheka. Ndani yake mna rejeksi tele, na mojawapo ina umbo lile lile la ile niliyokuandikia hapo juu: jina, `=`, nukuu pacha, nukuu moja, thamani tupu. Tofauti ni kwamba kuna programu inayoshika kumbukumbu na kuamua rejeksi ipi itumike wapi. Ukihitaji kitu kinachofuata kivinjari hatua kwa hatua hata kwenye kurasa zilizovunjika vibaya, maktaba ya Python iitwayo html5lib ipo. Ni ya polepole, lakini kurasa elfu tatu si nyingi.

Kabla hujafunga kazi, kamata chanzo. Kama mfumo wa zamani ulikuwa wa PHP, huenda mwandishi wake hakuwa mzembe. Inawezekana alitumia `htmlspecialchars`, amri ya PHP ya kugeuza alama za HTML ziwe maandishi ya kawaida, kama alivyofundishwa, lakini kabla ya PHP 8.1 amri hiyo, ukiiita bila nyongeza, iliigeuza nukuu pacha na kuiacha nukuu moja kama ilivyo. Kiolezo chenye `title='...'` na neno ng'ombe vilitosha kuvunja kila kitu. Kuanzia 8.1 zote mbili zinageuzwa. Kwenye mfumo wako mpya, funga thamani kwa nukuu pacha na upitishe kila jina kwenye `html.escape`, ambayo huigeuza ritifaa kuwa `&#x27;`.

Usishangae pia ukikuta ritifaa za aina mbili. Simu nyingi na programu za kuandikia huigeuza `'` kuwa ile iliyopinda, `’`. Kwa HTML hiyo ni herufi tu, haifungui wala kufunga kitu, kwa hiyo haitakusumbua ndani ya tegi. Itakusumbua kwenye hifadhidata: anayetafuta ng'ombe hatampata ng’ombe. Zigeuze zote ziwe moja kabla ya kuziingiza. Nukuu pacha zilizopinda ni hatari zaidi. Mtu akinakili `alt=”Mbuzi wa kisasa”` kutoka kwenye waraka, kivinjari kinaona thamani isiyo na nukuu inayoanza kwa herufi `”` na kuishia kwenye nafasi ya kwanza. Rejeksi ya `TEGI` inaona hivyo hivyo.

Na kama kuna atakayekuomba utumie rejeksi hii kuzuia watu wasipachike msimbo mbaya kwenye matangazo mapya, kataa. Ukifuta neno `<script>` tu, mtu ataandika `<scr<script>ipt>` na wewe mwenyewe ndiye utakayemkamilishia. Akiandika `<img src=x onerror=...` bila kufunga, rejeksi haitanasa kitu, kisha kivinjari kitaazima `>` ya tegi inayofuata kwenye ukurasa wako na kuikamilisha. Kwa kazi hiyo, igeuze `<` kuwa `&lt;` wakati wa kuonyesha, usihangaike kufuta.

Kwa zile elfu tatu, ziendeshe kwa njia zote mbili, `SAFISHA` na kichanganuzi, ukizipunguza nafasi tupu ziwe sawa, kisha linganisha matokeo faili kwa faili. Zitakazofanana ziingize. Zitakazotofautiana zifungue kwa macho. Anza na zile ambazo neno ng'ombe limo ndani ya `title` au `alt`.